Punje Mbili za Nta

Maji ukiyavulia nguo, budi unayo. Unaweza kuziokota nguo zako, ukazivaa, ukafunga hadi kifungo cha mwisho, ukaenda nyumbani mchana kweupe, na watakaokucheka ni wale wale waliosimama ukingoni wakiwa wakavu. Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia shemeji yangu siku ile nyuma ya chumba cha pampu za bwawa. Badala yake nilimpa punje mbili za nta.

Kabla hajawa shemeji alikuwa mfanyakazi mwenzangu. Mimi nipo maabara ya kituo cha kusafisha maji: napima tope, dawa na vijidudu, naziba chupa za sampuli, naandika tarehe kwenye vibandiko. Yeye alikuwa fundi wa pampu, zamu ya usiku, miaka tisa, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Siku moja alikuja maabara kuomba glavu, akamkuta dada yangu kaniletea mwavuli. Glavu alizisahau mezani. Mwavuli ulirudi nyumbani umebebwa na yeye.

Sisi mashemeji tulikuwa hatusalimiani, tunatukanana. Yeye aliniita Chiriku kwa sababu sinyamazi. Mimi nilimwita Kiboko, kwa kifua chake na kwa jinsi alivyokuwa akikoroma Jumapili kwenye kochi la mama.

"Chiriku, leo umekula nini mbona unaongea polepole?"

"Kiboko, nakutafutia maneno mafupi ili yakuingie."

Ndivyo nyumba ilivyojua kwamba tumefika.

Mdomo wa bomba linalovuta maji ya kituo uko chini ya ziwa la bwawa letu, mita kumi na nne, nao umefungwa chujio la nondo linalonasa majani, matawi na mifuko. Zamani wazamiaji walikodishwa kutoka nje. Mwaka jana wakubwa wakaamua kufundisha watu wao wanane. Atakayefaulu, ajira ya kudumu na zamu ya mchana. Mimi ajira ya kudumu nilikuwa nayo. Nilijiandikisha kwa ubishi, kwa sababu fundi mmoja alisema watu wa maabara wanayajua maji ya kwenye chupa tu. Kwa shemeji yalikuwa mambo mengine. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule, uvumi ulisema mikataba haitaongezwa, na dada alikuwa na mimba ya miezi saba.

Tulikuwa wanane. Mwalimu wetu alikuwa mwanamama mfupi mwenye shingo nene, aliyezamia bandarini miaka ishirini akichomelea vyuma chini ya meli. Tulimwita Kocha. Siku ya kwanza alitupanga kando ya bwawa la kuogelea lililokodiwa, akainua kile kifaa cha kioo na mpira.

"Hiki kinaitwaje?"

"Miwani," tukasema wote.

"Miwani inakaa juu ya pua. Hii inaifunika pua. Hii ni barakoa. Atakayeiita miwani atanioshea mitungi yote." Akajigonga puani kwa kidole. "Mtu ana milango miwili usoni. Chini ya maji, mdomo ni wa kuingilia, pua ni ya kutokea. Hewa ikigeuza njia, mtagongana mlangoni. Maji yakiingia kwenye barakoa, unatazama juu, unabana ukingo wa juu, unapenga. Pengeni kama mtoto mwenye mafua aliyeshikwa na mama yake. Basi. Kozi nzima ni kupenga."

Tulicheka. Tulidhani ni mzaha.

Zoezi la kwanza lilikuwa kwenye maji ya kifuani. Tunapiga magoti sakafuni, kipumulio mdomoni, tunaingiza maji kidogo kwenye barakoa, tunayapenga nje. Kocha alionyesha mara tatu, kwa starehe ya mtu anayekunywa chai. Zamu yangu ilipofika niliinua ukingo wa mpira kwa kidole kimoja. Maji yakaingia, ya baridi, yakagusa tundu za pua, na hapo hapo mwili wangu ukasahau kwamba una mdomo. Mtungi mzima wa hewa uko mgongoni, kipumulio kiko kati ya meno, na mimi nakufa kwa kukosa pumzi mahali ambapo ningeweza kusimama tu. Nilisimama. Nilikohoa mpaka machozi.

"Umekunywa kiasi gani?" Kocha akauliza.

"Sijui, Kocha."

"Usiyamalize. Wenzako wanayahitaji."

Walicheka wote isipokuwa mmoja. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ngazi ya bwawa, ameyatazama maji kama mtu anayemtazama mbwa bila kujua kama amefungwa. Alipoitwa aliteremka, akapiga magoti, akainua ukingo, kisha akaruka juu kwa kishindo kilichomlowanisha karani wa bwawa na daftari lake.

"Jamani, Kiboko anaogopa maji!" nikapiga kelele.

Ulikuwa utani wetu wa siku zote. Bwawa zima liliangua kicheko, naye alicheka, lakini kwa midomo tu, macho hayakushiriki. Kile kicheko nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Wengine walisonga mbele, sisi wawili tukabaki kwenye maji ya kifuani kama watoto waliokataliwa kuvuka barabara. Nililala nikiwa na hofu, nikaamka nayo, nikaenda nayo kazini. Na kwenye meza yangu ya kazi ndipo nilipoona dawa yangu, au nilidhani ni dawa. Vifuniko vya chupa za sampuli huwa tunaviziba kwa nta laini ya kijani. Ukiifinyanga kwa vidole inatii kama donge la unga. Nilikata kipande, nikaviringisha punje mbili za ukubwa wa njegere, nikazisukuma puani. Nikajaribu kuvuta hewa. Hakikupita kitu.

Jumatatu ile nilivua barakoa nzima chini ya maji nikakaa dakika moja, macho nimeyafumba, nimetulia kama mzigo. Kuitoa maji baadaye bila pua nilibuni ujanja: nilikiinamisha kichwa, nikafungua ukingo wa chini, nikayaacha mapovu ya kipumulio yapande ndani na kuyasukuma maji nje. Yalitoka zaidi ya nusu. Kocha alipiga makofi.

"Umefanyaje, Chiriku?"

Huyo hakuwa Kocha. Alikuwa shemeji, nyuma ya chumba cha pampu, baada ya wenzetu kwenda kubadili nguo. Alikuwa amenishika kifundo cha mkono kwa ule mkono unaofungua valvu ambazo wanaume wawili wanashindwa.

"Nimezoea tu."

"Usinifanye mtoto. Mimi nikiingia mle naona kama mtu kanikalia usoni. Dada yako ameshawaambia majirani mume wake anakuwa mzamiaji. Keshachagua na pazia la chumba cha mtoto. Nitamwambia nini?"

Ningeweza kumwambia avae nguo zake. Ningeweza kumwambia twende wote kwa Kocha tukaseme tunaogopa. Niliingiza mkono mfukoni.

"Hizi zinaziba," nikasema. "Usimwonyeshe mtu."

Alizitazama kiganjani mwake, akacheka, safari hii kwa macho pia. "Wallahi Chiriku, wewe ndiye shemeji."

Siku mbili baadaye tulihamia upande wa kina, mita nne. Nilianza kushuka, na barakoa ikaanza kuninyonya. Kadiri mtu anavyoshuka, maji yanaikandamiza hewa iliyomo ndani ya barakoa, na inabidi apulize kidogo kwa pua ili kuijaza tena. Mwenye pua iliyozibwa hana cha kupuliza. Ule mpira uligeuka kuwa ruba: ulianza na mashavu, ukaja kwenye macho, nikahisi yanavutwa kutoka kwenye vikombe vyake. Nilipotoka nilikuwa na duara jekundu uso mzima. Na hiyo ilikuwa mita nne. Kwenye chujio ni kumi na nne. Nilizitoa zile punje chooni nikazitupa, nikamfuata shemeji mbio.

"Zitupe. Zitakutoa macho."

"Mbona mimi sijasikia kitu? Nimebanwa kidogo tu."

"Shemeji, hilo ndilo la kusikia!"

"Zimenivusha. Unanipa leso halafu kesho unataka nifute kamasi kwa mkono?"

Nilimweleza kila kitu, na mpango wangu mpya pia. Jioni ile nilianza kazi ya beseni. Nilitoa beseni la kufulia, nikalijaza maji, nikaliweka juu ya stuli uani kwa mama, nikatia mdomoni kibomba cha kupumulia kinachotokeza juu ya maji, nikazamisha uso. Bila barakoa. Bila nta. Mara ya kwanza nilihesabu hadi tatu. Mara ya pili, nne. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unanawa uso au unakunywa kwa pua?"

"Najifunza kazi, Mama."

"Mimi nimenawa uso miaka sitini bila mwalimu."

Siku ya tano niligundua kwamba nikiimba kwa pua, ile mmm ya mtu anayebembeleza mtoto, maji hayathubutu kupanda. Siku ya nane nilikaa mpaka chungu cha maharage kikaungua jikoni bila mimi kusikia harufu. Siku ya kumi na moja nilitoa uso, nikafuta macho, nikatambua kwamba sikuwa nimehesabu kabisa. Hofu haikuwa imekufa. Ilikuwa imekaa kando yangu kama mgeni aliyechoka kubisha hodi. Tuliweza kukaa naye.

Kila jioni nilimwita shemeji. Nilimwekea na stuli yake.

"Mwanaume mzima niinamie beseni uani, majirani wakichungulia?"

"Tutaweka shuka kwenye kamba."

"Chiriku, nisikilize. Maji nimeshayavulia nguo. Siwezi kurudi nyuma sasa kuanza kufundishwa kunawa."

Alipenda sana methali ile. Aliisema kama mtu anayefunga mlango.

Karatasi ya mtihani ilikuwa na mistari kumi na miwili, na ule wa mwisho ulisomeka: *Kuvua na kuvaa, kina cha mita nne, dakika moja.* Niliutazama muda mrefu. Kuvua. Mtu anavua shati, mwingine anavua samaki, na aliye taabuni tunamwombea Mungu amvue. Niliteremka, nikapiga magoti, nikavua. Maji yalinijaa puani, nikaimba mmm yangu, bwawa likawa rangi tu bila umbo. Sekunde sitini baadaye nilivaa, nikatazama juu, nikabana, nikapenga, na uso wa Kocha ukatokea mbele yangu, safi kama picha, amenitengenezea duara kwa kidole gumba na cha shahada. Sijawahi kupewa cheti kizuri kuliko lile duara.

Shemeji alinifuata. Alivua. Alikaa. Alivaa, akainama, akapitisha mapovu kwa chini kama nilivyomwonyesha mimi mwenyewe. Maji yalitoka nusu, Kocha akamwashiria arudie, yakatoka robo tatu.

"Pua ya kivivu," Kocha alisema tulipotoka, "lakini inafanya kazi. Umefaulu."

Alinyanyuliwa juu na wenzake. Mimi nilikuwa natazama jicho lake la kushoto. Weupe wake ulikuwa umevilia damu, doa la ukubwa wa punje ya mtama. Nyumbani dada alilitilia dawa ya matone na kuzilaani dawa za bwawa.

Mbizi ya kwanza ziwani ilikuwa Jumamosi. Jumatano nilimfuata kwenye chumba cha pampu za kituo.

"Mwambie Kocha mwenyewe. Usipomwambia, nitasema."

"Utasema nini? Kwamba mume wa dada yako kafaulu?" Alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa chenye grisi, anatabasamu. "Mwache Kiboko ale nyasi zake. Wiki ijayo ninasaini. Nikishasaini nitajifunza polepole, hata kwenye hilo beseni lako. Nakuapia."

"Jumamosi inakuja kabla ya wiki ijayo."

"Jumamosi nitakaa juu juu."

Chujio haliko juu juu, na alilijua hilo kunizidi.

Hapa ndipo majuto yangu yanapopanga foleni. Ningeweza kwenda kwa dada. Nilifika hadi mlangoni kwake Alhamisi, nikamkuta ananyoosha nguo ndogo ndogo za mtoto, moja juu ya nyingine, akaniuliza kama rangi ya pazia inafaa. Nikasema inafaa. Nikanywa maji, nikaondoka. Ijumaa asubuhi nilimngoja Kocha getini, kabla ya mazoezi ya mwisho ya bwawa, nikamwambia shemeji yangu anaziba pua kwa nta na alifanya hivyo hata siku ya mtihani. Sikumwambia nta imetoka wapi.

"Sawa," Kocha akasema. Nilidhani atamwita pembeni.

Alitupanga mstari mmoja ukingoni, barakoa shingoni, mapezi mkononi. Akagawa karatasi laini, kila mtu moja.

"Leo tunaanza pakavu. Mkipenga hapa mtapenga na kule. Mmoja mmoja."

Wa kwanza akapenga, watu wakamtania kwa sauti ya tarumbeta. Wa pili. Mimi nilikuwa wa tatu. Nilipenga. Shemeji alikuwa wa nne.

"Nina mafua kidogo, Kocha."

"Ndiyo vizuri. Penga."

"Yataambukiza watu."

"Penga, bwana mkubwa."

Aliishika ile karatasi kwa mikono yote miwili. Watu walikuwa bado wanacheka, wakidhani anaona aibu ya kamasi. Akapenga taratibu. Kocha akasimama tu. Akapenga tena, na punje moja ya kijani ikatoka, ikakaa katikati ya karatasi nyeupe. Nyingine haikutoka. Ilimbidi aitoe kwa kidole, mbele ya watu saba na karani wa bwawa, mwanaume wa miaka thelathini na minane, baba mtarajiwa.

"Nani kakufundisha upuuzi huu?" Kocha akauliza.

Kati ya wale wanane ni mimi tu niliyetoka maabara. Ni mimi tu ninayegusa nta ya kijani kila siku ya Mungu. Aliinua macho, jicho moja jeupe na moja lenye doa, yakapita juu yangu bila kusimama.

"Hakuna," akasema. "Nimejifunza mwenyewe."

Nami, Chiriku, domokaya wa ukoo mzima, nilinyamaza.

Jina lake lilikatwa siku hiyo hiyo. Kwenye faili lake meneja aliandika *udanganyifu katika usalama*. Mkataba ulipoisha haukuongezwa. Dada alijifungua mtoto wa kike wiki tatu baadaye, na chumba chenye pazia lile walikirudisha kwa mwenye nyumba. Wakahamia kwa mama, chumba cha uani, hatua sita kutoka kwenye dirisha langu. Shemeji anazunguka mitaani na mkoba wa spana, anaziba mabomba yanayovuja na kuzibua masinki. Dada alinisemesha mara moja tu kuhusu jambo lile.

"Ulifika kwangu Alhamisi. Ukanywa maji. Ukanisifia pazia."

Shemeji mwenyewe hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Asubuhi tunakutana kwenye bomba la uani, kila mtu na ndoo yake.

"Hujambo, dada."

"Sijambo, shemeji. Mmeamkaje?"

"Salama."

Basi. Hakuna Chiriku, hakuna Kiboko. Nimewahi kujaribu, siku moja alipokuwa amembeba mtoto, nikamwambia, "Huyo naye anakoroma kama wewe?" Akajibu kwa adabu kwamba mtoto analala vizuri, ahsante kwa kuuliza. Sikujua kwamba adabu inaweza kuuma hivyo.

Mimi ni mzamiaji sasa. Mara mbili kwa wiki nateremka kwenye chujio na fundi umeme mmoja mpole tuliyefaulu pamoja. Mwezi wa nne wa kazi tulikuwa tunang'oa tawi lililonasa kwenye nondo. Kule chini maji yana rangi ya chai ya mkandaa, mkono wako mwenyewe unauona kama wa mtu mwingine. Tawi lilikatika ghafla, likaruka, likanipiga usoni, na barakoa ikatoka.

Giza la maji likaniingia puani. Ile hofu ya zamani ikaja mbio, yote, kama haijawahi kuondoka. Mdomo, nikajiambia. Mlango wa kuingilia ni mdomo. Nikaimba mmm. Nikanyoosha mkono, nikaupata mpira umening'inia sikioni, nikauvuta, nikauweka usoni, nikatazama juu, nikabana, nikapenga. Mara ya kwanza maji yakabaki puani. Nikapenga tena. Taa ya mwenzangu ikatokea, kisha vidole vyake vikiuliza kama niko sawa. Nikamtengenezea duara.

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo, nikidhani nitapanda juu nimejaa furaha. Nilichofikiri kule chini ni mtu mmoja tu, na punje mbili puani, mita kumi na nne, barakoa imejaa maji na hana cha kuyatolea. Nililia ndani ya kioo. Ikabidi nipenge na machozi.

Wiki iliyopita mama alituita sebuleni, mchana, mtoto akiwa amelala. Dada alikaa kando ya mumewe. Mimi nilipewa kiti cha peke yangu, nikajua kuna kesi.

Shemeji aliongea mwenyewe, kwa upole. Kundi la pili la wazamiaji linaanza Jumatatu. Amekwenda kuonana na meneja, na meneja amesema yale maneno ya kwenye faili yamesimama juu ya ushahidi wangu. Nikiandika kwamba siku ya mtihani sikuona nta, kwamba ilikuwa ile Ijumaa moja tu kwa sababu ya mafua, yatafutwa, na jina lake litarudi kwenye orodha.

"Iwe ndiyo radhi yako kwake," mama akasema. "Mambo yaishe ndani ya nyumba hii."

"Kabla ya hilo kuna lingine," nikasema. Nilisimama, kwa sababu nilikuwa siwezi kulisema nimekaa. "Dada, ile nta ilitoka maabara. Niliifinyanga mimi. Nilimpa mimi, nikamwonyesha na ujanja wa mapovu. Kocha alipomuuliza, shemeji alinificha, nami nikakubali kufichwa. Asubuhi hii nimempelekea meneja barua yenye maelezo hayo yote, na sahihi yangu. Kwa hilo naomba mnisamehe, na msiponisamehe nitaelewa."

Dada alimgeukia mumewe. "Ulijua? Muda wote huu?"

"Alinisaidia," akasema. "Hilo nilimsamehe zamani, hata halikuniuma." Kisha akanitazama, mara ya kwanza baada ya miezi mingi akanitazama sawasawa. "Lililoniuma ni kusema. Ulikwenda kwa mgeni ukanitoa. Hilo ndilo nataka uniombe radhi. Andika ile karatasi, tuanze upya. Hata utani tutaanza upya."

Mungu ananiona jinsi nilivyoutaka ule utani. Kalamu ilikuwa mezani, mama alikuwa ameitoa kabisa kwenye kasha lake.

"Shemeji," nikasema, "ukivua barakoa leo, chini ya maji, bila kitu puani, utakaa?"

Akaitazama kalamu.

"Umeshajaribu? Hata mara moja, tangu siku ile?"

"Nikifika huko nitajua."

"Anakuuliza maswali ya nini?" dada akamwambia, sauti imeanza kupanda. Kisha kwangu: "Ana mtoto! Unamwona anavyorudi jioni? Neno moja tu, mdogo wangu. Sema ulikosea kusema. Utapungukiwa nini?"

"Mwanangu," mama akasema, "mimi nimekuomba vitu vingapi katika dunia hii?"

"Vichache, Mama."

"Basi mwombe radhi shemeji yako."

Niliisukuma kalamu ikarudi upande wa mama.

"Siandiki," nikasema. "Na kwa kusema, simwombi radhi. Si leo, si kesho."